Mshitakiwa na Mganga: Habari za Sheria ya Massachusetts ya Mwaka 1921

Mtu akikamatwa na kutiwa buloko, huulizwa maneno mengi siku ileile. Jina lako nani? Baba yako nani? Watoka kijiji gani? Usiku ule ulikuwa wapi? Karani anaandika, mtu anatia kidole, mlango unafungwa. Lakini liko ulizo moja ambalo aghalabu haliulizwi siku ile, wala mwezi ule, wala pengine mpaka mwisho wa shauri: akili za mtu huyu ni nzima? Jamaa zake wanajua. Mama yake anajua ni mwaka gani alipoanza kusema peke yake na kukataa chakula. Majirani nao wanajua. Hakimu hajui, kwa sababu hakuna aliyetumwa kwao kuwauliza.

Leo tunataka kusimulia habari za nchi moja iliyojaribu kuliweka ulizo hilo mahali pake, yaani mwanzoni, kabla hakimu hajaketi. Nchi hiyo ni jimbo la Massachusetts, upande wa mashariki wa Marekani, ambalo mji wake mkubwa ni Boston. Sheria yenyewe ilitungwa mwaka wa 1921, na watu waliiita Sheria ya Briggs, kwa jina la mganga aliyeipigania. Tunaposema mganga katika habari hii, maana yetu ni mganga wa lopitali aliyesomea magonjwa ya akili, si mpiga ramli.

Kwanza inafaa kutenga mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya. La kwanza: mtu huyu, siku ile alipotenda tendo baya, alijua alitendalo? La pili: mtu huyu leo, akisimama mbele ya tribunali, aweza kufahamu anashitakiwa nini na kushauriana na avoka wake? Mtu aweza kuwa mzima siku ya tendo, kisha akaugua ndani ya gereza. Aweza pia kuwa mgonjwa siku ya tendo, akapona kabla ya shauri. Jambo la kwanza lilipata kanuni zake maarufu katika Uingereza mwaka wa 1843, baada ya Daniel M'Naghten kumpiga risasi Edward Drummond, mwandishi wa waziri mkuu Robert Peel. M'Naghten aliamini kwamba chama cha kutawala kinamwandama mchana na usiku. Waamuzi walimwona ni mwenye wazimu, hakunyongwa. Alifungwa katika nyumba za wagonjwa wa akili mpaka kufa kwake. Watu walikasirika, hata Malkia Victoria, na ndipo majaji walipoandika kanuni ya kuonyesha ni wazimu wa namna gani unaomwondolea mtu hatia.

Kanuni hizo zilienea katika nchi nyingi zinazofuata desturi ya Kiingereza, na Marekani pia. Lakini zilieleza tu waamuzi waulize nini. Hazikusema nani atamtazama mshitakiwa, wala siku gani atatazamwa.

Basi katika Marekani mambo yalikwenda hivi. Avoka akiona inafaa, alitangaza mbele ya tribunali kwamba mtu wake ana wazimu, akatafuta waganga. Mshitaki wa Serikali naye akatafuta wake. Mbele ya waamuzi kumi na wawili, ambao ni raia wa kawaida, wakulima na wenye maduka, mganga wa upande huu aliapa kwamba mtu ni mgonjwa kabisa, na mganga wa upande ule aliapa kwamba ni mzima kama mimi na wewe. Kila mmoja alilipwa na yule aliyemwita. Mwenye mali alileta watatu au wanne. Maskini hakuleta hata mmoja, maana avoka aliyepewa na tribunali pengine alimjua kwa siku chache tu, wala hakufahamu kama kuna neno la kuuliza. Watu walisoma ubishi wa waganga katika magazeti wakacheka, kama wanavyocheka wauzaji wawili sokoni, kila mmoja akisifu samaki wake.

Tutwae mfano mmoja unaojulikana sana. Tarehe 6 Septemba 1901, katika mji wa Buffalo, Rais William McKinley alikuwa akiwapa watu mkono kwenye maonyesho makubwa. Kijana mmoja, Leon Czolgosz, mwana wa Wapolandi waliohamia Marekani, alimkaribia, mkono wake umefungwa kitambaa kama mwenye jeraha. Ndani ya kitambaa mlikuwa na bastola. Rais alikufa tarehe 14. Shauri lilianza tarehe 23 mwezi uleule, likaisha tarehe 24. Waamuzi walitoka kushauriana, na hata saa moja haikutimia wakarudi wakisema ana hatia. Tarehe 29 Oktoba aliuawa kwa kiti cha umeme katika gereza la Auburn. Tangu risasi mpaka kiti zilipita siku 53.

Je, hakuna mganga aliyemtazama? Walimtazama. Wa Serikali walimtazama, na wa upande wa mshitakiwa pia, na wote wakasema ni mzima. Lakini siku zao zilikuwa chache, na mtu mwenyewe hakutaka kusema na mavoka wake. Baada ya kufa kwake, mganga wa Boston Walter Channing, pamoja na mwenzake L. Vernon Briggs, alifanya kazi ambayo haikufanywa mbele: kutafuta habari kwa jamaa na kwa watu waliokaa naye. Wakaambiwa kwamba zamani Czolgosz alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nyaya, mtulivu, mwenye kuweka fedha. Mwaka wa 1898 aliacha kazi akisema anaugua, akarudi kwenye shamba la jamaa zake. Hapo alikaa bure, akilala sana. Chakula cha mama yake wa kambo hakutaka kukila. Alikula peke yake. Channing aliandika mwaka wa 1902 kwamba kwa maoni yake mtu yule alikuwa mgonjwa wa akili.

Sisi hatutaki kuamua kati ya waganga hao, na wenye elimu wamebishana neno hilo miaka mingi. Kinachotuuma ni kitu kingine. Habari zote zile zilikuwapo tayari, kwenye shamba la jamaa zake, siku ileile ya risasi. Hazikuwa siri. Zilikusanywa wakati mwenyewe amekwisha kuzikwa.

Miaka kumi baadaye, karibu na Boston kwenyewe, mchungaji wa Kibaptisti jina lake Clarence Richeson alimwua kwa sumu msichana aliyekuwa ameahidi kumwoa. Alipokuwa gerezani akingoja shauri, mwezi wa Desemba 1911, alijikata mwili kwa namna ya kutisha. Mwezi uliofuata alikiri kosa lake, na hakimu akamhukumu kufa bila shauri kamili. Waganga walimtazama sana baada ya hukumu, ili gavana aweze kufikiri kama inafaa kumhurumia. Gavana alikataa, na Richeson aliuawa mwezi wa Mei 1912. Hapo tena utaratibu uligeuzwa kichwa chini: hukumu ilitangulia, uchunguzi ukafuata nyuma yake.

Briggs aliziangalia habari hizi zote kwa uchungu. Alizaliwa mwaka wa 1863, akafa mwaka wa 1941, na katika maisha yake aligombana na wakubwa wengi wa lopitali za akili. Aliona wagonjwa wakifungwa mikono na miguu kwa ngozi na kamba, akadai sheria ya kukataza mambo hayo. Alikuwa pia mmoja wa waliosukuma kazi ya kujenga lopitali mpya ya akili mjini Boston, iliyofunguliwa mwaka wa 1912, mahali ambapo mgonjwa aliweza kutazamwa mapema kabla ugonjwa haujaota mizizi. Mwaka wa 1921 alitoa kitabu juu ya watu watatu waliouawa kwa sheria: Czolgosz, Richeson, na mtu mwingine wa Massachusetts jina lake Bertram Spencer. Na mwaka uleule baraza la jimbo likaikubali sheria yake.

Sheria hiyo ilikuwa fupi. Ilihusu watu wa namna mbili. Kwanza, kila mtu aliyeshitakiwa kwa kosa ambalo adhabu yake ni kifo. Pili, kila mtu aliyepelekwa mbele ya tribunali kubwa, ikiwa inajulikana kwamba zamani alikwisha kuhukumiwa kwa kosa kubwa, au kwamba alishitakiwa zaidi ya mara moja. Mtu wa namna hiyo akifika, karani wa tribunali alipaswa kupeleka barua kwenye idara ya magonjwa ya akili ya jimbo. Idara ilichagua waganga, kwa desturi wawili, wasiolipwa na mshitakiwa wala na mshitaki wake. Waliingia gerezani wakamtazama mtu, wakaandika ripoti, na ripoti ikarudi kwa karani. Hakimu aliweza kuisoma, na avoka wa mshitakiwa, na mshitaki wa Serikali, na afisa anayeangalia watu walioachiliwa kwa masharti. Wote walisoma karatasi ileile.

Hekima ya sheria hii ilikuwa kwamba haikungoja mtu aombe. Hapo nyuma, mgonjwa wa akili alipaswa kuwa na mtu wa kusema kwa ajili yake: ‘Huyu ni mgonjwa, mtazameni.’ Na mgonjwa mwenyewe ndiye wa mwisho kusema hivyo! Wengi wao hukana kwa ukali, na huona ni matukano. Huyu anayekaa kimya pembeni ya chumba, hapigi kelele, halii, anatii askari, nani atamshuku? Askari humsifu kuwa mfungwa mwema. Sheria ya Briggs haikuuliza kama mtu anaonekana mgonjwa. Ilitazama aina ya shauri tu: shauri likiwa la namna hii, mganga aje.

Tena mganga hakuwa hakimu. Ripoti yake haikusomwa kwa waamuzi kama ushahidi. Upande wowote ukitaka, ulimwita mganga mwenyewe aje kusema chini ya kiapo, aulizwe na pande zote mbili. Waliokuwa na shaka walisema: mshitakiwa akiwa mbele ya mganga wa Serikali, si ataponyokwa na maneno ya kumfunga mwenyewe? Shaka hiyo si ya bure. Mavoka wengine waliwaambia watu wao wanyamaze kabisa mganga akija, na mganga alirudi na karatasi iliyo karibu tupu. Sisi tunaona mavoka hao hawakukosa akili. Mganga anayeingia gerezani amebeba vitu viwili vigumu kubeba pamoja, dawa na sheria, na mshitakiwa ana haki ya kujua anasema na yupi.

Je, sheria ilifanya kazi? Tunamsikiliza hapa Winfred Overholser, aliyekuwa mkubwa katika idara ile ya Massachusetts, na ambaye tangu mwaka 1937 hata 1962 aliongoza lopitali kubwa ya akili ya St. Elizabeths mjini Washington. Yeye aliifuatilia sheria hii miaka mingi na kuandika juu yake. Aliona kwamba ubishi wa waganga mbele ya waamuzi ulipungua sana. Waganga wa idara wakiandika kwamba mtu ni mgonjwa, mara nyingi mshitaki wa Serikali hakuendelea na shauri, na mtu alipelekwa lopitali. Wakiandika kwamba ni mzima, mara nyingi avoka hakujaribu tena neno la wazimu. Kumbe watu hawa wote, waliokuwa wakigombana mbele ya magazeti, waliweza kupatana juu ya karatasi moja, mradi aliyeiandika hakununuliwa na mmoja wao.

Lakini aliona na kasoro, na kasoro kubwa haikuwa ya waganga. Ilikuwa ya barua. Karani wa tribunali alipaswa kujua kama mtu aliye mbele yake alikwisha kuhukumiwa zamani, pengine katika mji mwingine, pengine kwa jina jingine. Nani atamwambia? Vitabu vya tribunali hii havikusemezana na vitabu vya tribunali ile. Makarani wengine hawakutafuta, wengine walisahau, na watu wengi ambao sheria iliwataja walipita mbele ya hakimu bila mganga kuwaona. Baraza la jimbo lilirudi mara kadhaa kuitengeneza sheria, ili habari za zamani za mshitakiwa zimfikie karani. Ndugu zetu wanaofanya kazi ya ukarani wasikie hapa kwamba uzima wa mtu uliweza kutegemea bahasha moja iliyolala mezani.

Liko pia neno la wale ambao sheria haikuwataja. Mwizi wa mara ya kwanza hakutazamwa. Mtu aliyevunja kioo cha duka, au kulala njiani, au kumtukana polisi, hakutazamwa. Na watu hawa wa makosa madogo ndio wengi katika kila gereza, na kati yao wagonjwa si haba. Pengine ugonjwa wao ndio uliowaleta. Massachusetts ilichagua kuanzia juu, kwenye mashauri ya damu, kwa sababu makosa ya hakimu huko hayarekebishiki.

Tumesifu kutazama mapema. Sasa sharti tuseme na ubaya wake, maana upo. Mtu akitazamwa, na waganga wakasema hawezi kusimama mbele ya hakimu, anakwenda wapi? Katika Massachusetts wanaume wa namna hiyo walipelekwa Bridgewater, nyumba iliyokuwa lopitali kwa jina na gereza kwa kuta. Wengine waliofika kwa kosa dogo, ili watazamwe tu, walibaki miaka mingi. Hawakuhukumiwa, hivyo hawakuwa na siku ya kutoka. Aliyehukumiwa miezi sita huhesabu miezi sita; hawa walihesabu nini? Mwaka wa 1967 Frederick Wiseman alitoa sinema yake juu ya Bridgewater, Titicut Follies. Ilionyesha wanaume uchi katika vyumba vitupu, na mgonjwa anayelishwa kwa mpira puani. Tribunali za Massachusetts zilizuia isionyeshwe kwa raia wa kawaida, zikisema inaharibu siri ya wagonjwa, na ruhusa haikutoka mpaka mwaka wa 1991. Wapo waliouliza kama iliyofichwa ni siri ya wagonjwa au ni aibu ya Serikali.

Jibu la tribunali kuu ya Marekani lilikuja tarehe 7 Juni 1972, katika shauri lililotoka jimbo la Indiana. Mtu mmoja wa miaka 27, kiziwi na bubu, mwenye akili za mtoto mdogo, asiyejua kusoma wala kuandika, alishitakiwa kwa kuwanyang'anya wanawake wawili. Vitu vya mmoja vilikuwa na bei ya dola 4, fedha za mwingine dola 5. Waganga walisema hawezi kusimama mbele ya hakimu, wala haielekei kwamba ataweza siku moja. Indiana ilitaka kumweka ndani mpaka apone, yaani, kwa maneno mengine, mpaka afe. Kwa dola 9! Majaji walikataa kwa sauti moja. Walisema mtu asiyehukumiwa haruhusiwi kuwekwa ndani kwa ajili ya hali yake tu zaidi ya muda wa haki wa kutazama kama ataweza kupata nafuu. Ikionekana hataweza, Serikali ifuate njia ile inayofuatwa kwa mgonjwa mwingine yeyote asiye na shitaka, au imwache aende.

Massachusetts yenyewe iliandika upya sheria zake za wagonjwa wa akili mwaka wa 1970, na siku hizi huko hakimu ndiye anayeagiza mtu atazamwe, pale anapoona shaka. Kwa hiyo ule utaratibu wa Briggs, wa kutongoja mtu aone shaka, haupo tena.

Hatuwezi kuacha kutaja Ubelgiji, kwa sababu sheria iliyo karibu na hii ilitungwa huko wakati nchi yetu ingali mikononi mwa Wabelgiji. Ni sheria ya tarehe 9 Aprili 1930. Yenyewe ilimruhusu hakimu amtume mshitakiwa kutazamwa katika sehemu ya gereza iliyotengwa kwa ajili ya wagonjwa wa akili, mwezi mmoja kwanza, na kuongezwa mpaka miezi sita. Akionekana mgonjwa, hakupewa adhabu. Aliwekwa chini ya ulinzi wa Serikali kwa miaka 5, au 10, au 15, kwa kadiri ya uzito wa tendo, na miaka hiyo iliweza kuongezwa. Mwaka wa 1964 hata hesabu hiyo ya miaka iliondolewa.

Sasa, ile sehemu iliyotengwa ndani ya gereza ilikusudiwa kuwa mahali pa kupita: mtu atazamwe, aende lopitali. Lakini lopitali hazikuwa na vitanda vya kutosha kwa watu hawa, na nyingine hazikuwataka. Ikawa wanakaa palepale. Tarehe 6 Septemba 2016 tribunali ya haki za watu ya Ulaya, iliyoko Strasbourg, iliihukumu Ubelgiji kwa ajili ya mtu mmoja aliyekaa miaka tisa na zaidi katika sehemu ya namna hiyo pasipo matunzo ya kumfaa, ikasema kosa si la gereza moja bali la utaratibu mzima, ikatoa miaka miwili ya kutengeneza. Mwezi uliofuata sheria mpya ya Ubelgiji ilianza kazi. Nyumba kubwa ya kutunza watu hawa ilikuwa imekwisha kufunguliwa Ghent mwaka wa 2014, katika mji uleule ambapo Kanoni Triest alianzisha mwaka 1807 Mabruda wa Karita, wanaotunza wagonjwa wa akili hata kwetu Kongo, Rwanda na Burundi. Nyingine ilifunguliwa Antwerpen mwaka wa 2017. Vitanda vilijaa upesi, na mamia ya wengine wangali gerezani, wamekwisha kutazamwa, ripoti zao zimekwisha kuandikwa, wakingoja mahali.